Vijana Wana Shule Yao: Nasi Tunafundisha Nini Humo?

Kwenye mikutano yetu ya akina mama, na hata kwenye foleni ya kliniki siku ya kupima watoto uzito, kuna lalamiko moja ambalo hatukosi kulisikia. Mama mmoja huanza: "Mtoto huyu nimemzaa mwenyewe, lakini siku hizi simwelewi." Mwingine hudakia kwamba kijana wake wa kidato cha pili amenyoa kiduku na kuvaa suruali ya mlegezo. Wa tatu husema binti yake hawezi kuosha vyombo bila simu kuimba kando ya karai. Basi kila mmoja hutoa la kwake, na mwisho wa yote tunakubaliana kwamba dunia imeharibika, tunafunga kwa sala, kisha kila mtu anakwenda kwake.

Mwezi huu tungependa tulitazame jambo hili kwa utulivu zaidi, kwa sababu si dogo na halitapita upesi. Vijana wetu wana utamaduni wao. Wana lugha yao, mavazi yao, muziki wao, mashujaa wao na vijiwe vyao. Huko ndiko wanakojifunza namna ya kupenda, kutafuta fedha, kukabili hatari na kujiona kuwa watu wa maana. Kwa maneno mengine, hiyo ni shule. Wanaisoma kila siku bila likizo, na walimu wake wengi ni vijana wenzao. Kuifunga hatuwezi. Tunaloweza ni kujua ni somo gani humo linaokoa maisha na lipi linaua, na kuhakikisha kwamba mambo hayo watoto wetu hawayasikii kwa mara ya kwanza kijiweni.

Zamani vijana hawakuwa malaika

Wapo wanaosema kwamba zamani vijana walikuwa watulivu, wakiwatii wakubwa kwa kila jambo. Tuwaulize wazee wetu. Kwa Wairaqw wa Mbulu, wasichana walikuwa na unyago wao ulioitwa marmo. Wasichana waliwekwa ndani kwa miezi, wakafundishwa na wanawake watu wazima adabu, kazi, na mambo ya mwili na ndoa. Unyago huo ulikoma wakati wa utawala wa Waingereza. Ukeketaji haukukoma. Uliendelea majumbani, lakini darasa lile la mafunzo halikurudi, na halikupata la kulirithi.

Kwa Wabarabaig wa Hanang, kijana aliyetaka jina alichukua mkuki wake, akaenda kumtafuta simba au tembo. Aliyefanikiwa kuua alishangiliwa na jamaa zake, akapewa ng'ombe, na kina mama wakamvisha mapambo yao wenyewe mwilini. Kwa hiyo mama anayeshtuka leo kumwona mvulana amevaa mkufu na hereni, na afahamu kwamba bibi zetu hapa Hanang waliwavisha vijana wao mikufu kwa mikono yao, tena kwa vigelegele. Wapo vijana ambao hawakurudi kutoka porini. Hatari ilikuwepo, kujionyesha kulikuwepo, na kutaka kusifiwa na wasichana kulikuwepo tangu hapo.

Tofauti moja kubwa ni hii: wakati ule watu wazima walikuwa ndani ya mambo ya vijana. Mwanamke mtu mzima ndiye aliyefundisha kwenye marmo. Jamaa wa kijana ndio waliotoa ng'ombe. Leo watu wazima tuko nje, tunachungulia dirishani na kukemea.

Bibi zetu nao walikemewa

Kukemea kwenyewe si jambo jipya. Mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Ilipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi, kwa maelezo kwamba hayo yote ni utamaduni wa kigeni. Huko Dar es Salaam wasichana wengine walivamiwa barabarani kwa sababu ya urefu wa sketi zao.

Tupige hesabu kidogo. Msichana aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1969 sasa amepita miaka 70. Ndiye bibi anayekaa benchi la mbele kanisani, na ndiye anayemnong'oneza mwenzake kuhusu gauni la mjukuu. Taifa halikufa kwa sketi yake. Aliolewa, akalea, akalima, akaimba kwaya. Hatusemi kwamba mavazi hayana maana, kwani heshima ya mwili ni jambo jema na mama anayo haki ya kulisemea nyumbani kwake. Tunachosema ni kwamba mara nyingi tunatumia nguvu zetu zote kwenye nywele na nguo, na likija jambo la kufa na kupona tunakuta mtoto ameshaacha kutusikiliza.

Kwa nini sasa mambo ya vijana yana nguvu zaidi

Akina mama wengine watauliza: kama vijana walikuwepo siku zote, mbona leo wanaonekana wametawala? Sababu ziko kadhaa, nazo si za kichawi.

Kwanza, wao ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila Watanzania 100, zaidi ya 40 walikuwa na umri wa chini ya miaka 15, na wengine zaidi ya 30 walikuwa kati ya miaka 15 na 35. Sisi wenye miaka arobaini na zaidi ni wachache katika nchi yetu wenyewe.

Pili, ujana umerefuka. Bibi wa mtu wa hapa kwetu akiwa na miaka 15 au 16 aliweza kuwa tayari ameolewa. Mjukuu wake wa umri huo huo yuko kidato cha pili au cha tatu. Tangu mwaka 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne katika shule za serikali, watoto wengi zaidi wa Mbulu na Hanang wanakaa pamoja darasani, bwenini na njiani, mamia kwa mamia, kwa miaka mingi. Si watoto tena, na si watu wazima bado. Watu wakikaa pamoja namna hiyo lazima watengeneze mambo yao.

Tatu, wana fedha kidogo mkononi. Kijana anayefanya kibarua cha kuvuna vitunguu saumu Mbulu, au anayepakia magunia ya ngano upande wa Basotu, au anayeendesha bodaboda ya tajiri pale Katesh, haombi tena ruhusa ya kununua kila kitu. Siku ya mnada ananunua viatu anavyovipenda yeye.

Nne, sauti zimeongezeka. Miaka mingi tulikuwa na Radio Tanzania peke yake, na redio ilikuwa moja sebuleni, baba akiishika. Mwaka 1994 zikaanza Radio One na televisheni ya ITV, na vituo vingine vikafuata, vikiwapa vijana vipindi vyao na muziki wao. Ndipo Bongo Fleva ikakua. Baadaye ikaja simu ya mkononi, kisha simu janja, na sasa kila kijana ana redio yake, sinema yake na kijiwe chake mfukoni.

Tena mambo hayo hayaishii kwenye starehe. Joseph Mbilinyi, ambaye vijana humwita Sugu, alitoka kwenye muziki wa kufokafoka akachaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, akachaguliwa kule Mikumi mwaka 2015. Hamis Mwinjuma, maarufu kama MwanaFA, akachaguliwa Muheza mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Muziki ambao wazazi wengi waliuita wa wahuni umetoa wabunge. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba haya ni mawingu yanayopita.

Tupime kwa mizani ya hospitali

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Katika miaka yote ya uuguzi hatujawahi kumpokea mgonjwa aliyeletwa kwa sababu ya kiduku. Wala singeli haijamlaza mtu wodini. Lakini yapo mambo matatu ya vijana tunayoyapokea, na tungependa kila mama ayafahamu.

La kwanza ni bodaboda. Pikipiki imesaidia sana wilaya zetu zenye milima na tope, na wajawazito wengi wamewahishwa hospitali kwa hiyo hiyo. Lakini kwa vijana, pikipiki imekuwa pia mahali pa kuonyesha ushujaa, kama vile mkuki ulivyokuwa. Wanapakia mishikaki, watu watatu au wanne, bila kofia ngumu, wakishindana kushuka mteremko. Mguu uliovunjika tunaweza kuunga. Ubongo uliopondeka hatuna namna ya kuunga. Kofia ngumu haipunguzi ujana wa mtu, nayo ni rahisi kuliko jeneza.

La pili ni pombe. Tunakumbuka viroba, zile pombe kali za kwenye vifuko vya plastiki, zilivyofichwa kwenye mifuko ya sare za shule. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na akina mama wengi walishukuru. Lakini pombe kali ikarudi katika chupa ndogo, na gongo haijawahi kuondoka. Kijana hanywi kwa sababu ana kiu. Anakunywa kwa sababu kijiweni asiyekunywa anaitwa mtoto. Hilo ni somo la shule yao, na kulijibu kwa fimbo peke yake hakujasaidia.

La tatu ni mimba za mapema. Hapa tutasimulia kisa kimoja, bila jina wala kijiji. Msichana wa kidato cha tatu aliletwa usiku, uso umempauka, kanga mbili zimelowa damu. Alikuwa amegundua kwamba ana mimba, akawauliza marafiki zake watatu. Wa kwanza alimwambia anywe majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yawe meusi. Wa pili alimletea vidonge visivyo na jina. Wa tatu alimwapisha asimwambie mtu yeyote. Wote watatu walimpenda, na wote walikuwa na miaka 16. Alisafishwa, akaongezwa damu, akapona. Mama yake alikaa kando ya kitanda akirudia maneno yale yale: "Nilikuwa jikoni tu. Muda wote nilikuwa jikoni."

Mama huyo hakuwa mzembe. Alilima, alilipa michango ya shule, alisali. Lakini binti yake alipotafuta mtu wa kumuuliza, hakumwona mama kuwa mtu anayeulizwa mambo hayo.

Nchi nzima, utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Katika utafiti wa 2015 na 2016 walikuwa 27. Idadi imeshuka, na tunamshukuru Mungu, lakini ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Mwili wa msichana mdogo haujakomaa. Yuko katika hatari zaidi ya kifafa cha mimba, ya uchungu uliokwama, na ya fistula, ambapo mkojo humtoka bila kizuizi mpaka atakapofanyiwa upasuaji. Mtoto wake pia huzaliwa mara nyingi akiwa na uzito mdogo.

Jambo ambalo vijana wanatuongoza

Ingekuwa si haki kutaja mabaya peke yake. Lipo jambo moja kubwa ambalo kizazi hiki cha wasichana kimekwenda mbele ya mama zake, nalo ni kuukataa ukeketaji.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo inamhesabu kuwa mhalifu anayemkeketa au kusababisha akeketwe msichana wa chini ya miaka 18. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5. Hata hivyo tafiti za afya za mwaka 2004 na 2005 zilikuta kwamba hapa mkoani Manyara wanawake 81 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2010 wakawa 71 hivi. Mwaka 2015 na 2016 wakawa 58. Mwaka 2022 wakawa 43.

Sheria imesaidia, makanisa yamesaidia, hospitali na shule zimesaidia. Lakini tujiulize pia: kwa nini msichana wa zamani aliogopa kukataa? Kwa sababu wenzake wangemcheka, na wangemwimbia nyimbo za kumdhihaki. Leo katika shule nyingi msichana asiyekeketwa ana wenzake wengi, na hana sababu ya kuinamisha kichwa. Wavulana nao wanazidi kusema wazi kwamba hawaulizi jambo hilo wanapotafuta mchumba. Nguvu ile ile ya rika inayomsukuma kijana kwenye chupa ndiyo inayomlinda msichana huyu dhidi ya kisu.

Na hapa tuseme ukweli ingawa unauma. Sheria ilipobana, baadhi ya familia zilihamishia kisu kwa watoto wachanga, wakiwa bado na siku au miezi michache, ili wasiweze kusema wala kukimbia. Jambo hilo halifanywi na vijana wa kijiweni. Linafanywa na sisi watu wazima: bibi, shangazi, mama mkwe, na mama anayenyamaza kwa kuogopa kumuudhi mama mkwe. Mtoto mchanga hana damu ya kupoteza. Wengine hufa kimyakimya na kuzikwa bila kuandikwa popote, na ikasemwa kwamba ni homa. Tunapokaa na kulaumu utamaduni wa vijana, tukumbuke kwamba katika jambo hili vijana ndio wenye akili, na wanaohitaji kubadilika ni wazee wao.

Ni vivyo hivyo kwa chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza kutolewa nchini kwa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na mwaka 2024 ikatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Uvumi kwamba inaleta utasa mara nyingi hauletwi kliniki na watoto. Huletwa na sisi. Chanjo hiyo haizuii kuzaa, inazuia ugonjwa unaoua wanawake wengi wa nchi yetu. Na tusimzuie binti aliyejiandaa kuchanjwa pamoja na wenzake.

Mashujaa wako karibu

Vijana wanahitaji mashujaa, na wasipowaona karibu watawatafuta mbali. Wilaya zetu zina utajiri katika jambo hili. John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka na kuumia goti katika mbio za marathoni za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, lakini alimaliza mbio zake, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu ambayo zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Mbulu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974. Gidamis Shahanga wa Hanang alipata dhahabu ya marathoni katika michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, na nyingine ya mita 10,000 mwaka 1982. Katika siku zetu hizi, Gabriel Geay wa Mbulu alikuwa wa pili katika marathoni ya Boston mwaka 2023, akimwacha nyuma hata Eliud Kipchoge wa Kenya. Mwaka huo huo Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri akawa wa tatu kwa wanawake katika marathoni ya Berlin. Kijana anayeamka alfajiri kwenda kukimbia milimani na wenzake yuko katika utamaduni wa vijana, tena ulio mzuri kabisa. Na binti akitaka kukimbia, tumpunguzie ndoo moja ya maji ili apate nafasi. Kaka yake naye ana mikono ya kuibeba.

Tufanye nini nyumbani na kanisani?

1. Tuzungumze mapema. Binti aelezwe hedhi kabla haijamjia, na kijana aelezwe mabadiliko ya mwili wake. Kama mama unaona haya, mtafute shangazi au mama mwingine unayemwamini, umkabidhi kazi hiyo kwa jina, siyo kudhani tu kwamba kuna mtu atafanya.

2. Tujibu swali bila kuuliza "Nani amekuambia?" Ukianza na mashtaka, swali la pili halitakuja. Jibu kwanza, hata kama moyo unadunda.

3. Tuwajue marafiki zao kwa majina. Wakaribishe wale ugali nyumbani. Kijana anayejulikana na mama wa rafiki yake huona aibu kumpotosha rafiki huyo.

4. Simu iwe na taratibu za nyumba nzima. Wakati wa chakula na wakati wa sala iwekwe kando, na sisi pia tuweke za kwetu. Muulize mtoto akuonyeshe anachokitazama, na usikilize kabla ya kuhukumu. Umfundishe kwamba picha ya mwili wake ikishatumwa hairudi.

5. Kijana akipewa pikipiki, apewe na kofia ngumu siku hiyo hiyo. Awe ametimiza umri na ana leseni. Jambo hili baba wa nyumba ndiye mara nyingi mwenye sauti, basi tumwombe alisimamie.

6. Msichana akipata mimba, asifukuzwe nyumbani. Aletwe kliniki mapema. Tangu Novemba 2021 mwongozo wa serikali unamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mlango wa shule uko wazi, basi wa nyumbani usifungwe.

7. Ukihofia kwamba mtoto yeyote atakeketwa, ataozeshwa akiwa mdogo au anatendewa ukatili, mwone ofisa ustawi wa jamii, au piga namba 116, ambayo ni simu ya bure ya kusaidia watoto.

8. Kanisani, tusigombanie gitaa na kinanda mpaka kwaya ya vijana ikavunjika. Kijana aliye mazoezini Jumamosi jioni hayuko kilabuni. Tuwape vijana kiti kwenye kamati na tuwasikilize wakisema. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo asikubali mtu amdharau kwa sababu ya ujana wake. Aliyeandika hivyo alikuwa mzee.

Na zipo hospitali na vituo vya afya vinavyotoa huduma rafiki kwa vijana, ambapo kijana anaweza kuuliza peke yake bila kuaibishwa. Muulize muuguzi wa kituo chako. Akikuambia kwamba haipo, akina mama kumi mkienda pamoja kuiomba mtasikilizwa kuliko mmoja.

Akina mama wapenzi, hakuna aliyetuomba tuupende muziki wao wala tujifunze kucheza. Wanachohitaji ni mtu mzima mmoja anayejua ukweli na asiyekimbia anapoulizwa. Wiki hii, kabla ya Jumapili, mchague mtoto mmoja nyumbani mwako, ukae naye mnapochambua maharage au mnapokoka moto, umuulize wenzake wanasema nini kuhusu jambo lolote kati ya haya. Kisha unyamaze, usikilize mpaka amalize.

Mungu azibariki nyumba zenu.